Sura ya Saba: Abiria wa Kobe

Sajini Fanueli alimwaga kikombe kizima cha maji juu ya kitambaa cha meza, akayasambaza kwa kiganja mpaka pembeni, akapanga sahani tatu za bati, kisha akamwambia Konstebo Yusto ainue miguu miwili ya meza.

"Kiasi gani, Afande?"

"Polepole. Nitakwambia usimame."

Yusto aliinua. Maji yakaanza kuchuruzika kwenye sakafu ya kituo cha polisi cha Same, lakini sahani hazikuhama. Akainua zaidi, mishipa ya shingo ikamtoka, na sahani bado zilikuwa pale pale.

"Shusha. Sasa tandika kile kikavu."

Juu ya kitambaa kikavu, meza ilikuwa haijafika hata nusu ya mwinamo ule sahani zote tatu zilipoteleza na kuanguka kwa kishindo. Karani wa chumba cha pili alitoa kichwa mlangoni akauliza ni harusi ya nani.

"Yako," Yusto akamjibu. "Bibi harusi amekimbia." Kisha akamgeukia mkubwa wake. "Na hili linamsaidia nani, Afande?"

"Sijajua bado," alisema Sajini, akaokota sahani moja moja na kuzipangusa.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Upelelezi hakufundishwa na mtu. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, jeshini, na tangu hapo alifanya kila kitu kama mtu anayesoma kwa kidole: neno moja, halafu linalofuata.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Huko mlimani, juu ya Gonja, nyumba ya kijana aitwaye Asheri iliteketea asubuhi ya msaragambo, siku ambayo baragumu hupigwa na kila nyumba hutoa mtu kwenda kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mashamba. Nyumbani hakukuwa na mtu. Humo ndani, kwa maneno ya Asheri, liliungua sanduku lenye cherehani aliyomletea mchumba wake Priska kutoka Tanga. Wazee wa kina Priska walikuwa waje kuitazama Jumapili iliyofuata.

Mtu mmoja tu wa kijiji kile hakuonekana kwenye msaragambo. Ni Andrea, fundi seremala, aliyemchumbia Priska kabla Asheri hajarudi kutoka Tanga na viatu vyake vyeupe. Aliporejea baada ya siku kadhaa, pua imebambuka kwa jua, alikamatwa hata mzigo hajautua. Akasema alikuwa baharini, ndani ya Kobe.

Kobe lilikuwa jina la utani. Watu wa bandari ya Tanga waliiita hivyo meli moja ndogo, ya zamani, iliyowachukua Wazungu kutembea pwani kwa starehe hadi Lindi na kurudi. Andrea alidai alikwenda kama mtumishi wa mwalimu mmoja wa Kizungu, bibi mzee mwenye magoti mabovu, ambaye sasa alikuwa njiani kwenda kwao Ulaya. Ofisi ya meli huko Tanga ilijibu kwa simu ya maandishi kwamba bibi huyo alisafiri na boi mmoja. Jina la boi hakuna aliyejishughulisha kuliandika.

Bwana Mkaguzi, mkubwa wa kituo, hakutaka kungoja. Andrea angepanda treni ya Jumamosi kwenda Moshi, kusimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuchoma nyumba, na kosa hilo lilikuwa na miaka mingi gerezani. Leo ilikuwa Alhamisi.

Kijijini kila mtu alikuwa ameshahukumu. Asheri alisema amefanya kazi katika Kobe miaka miwili, na jioni nyingi alikuwa amewasimulia fahari yake. Hadithi ya Andrea haikufanana nayo hata kidogo. Basi Andrea mwongo.

Sajini alifungua mlango wa mahabusu akakaa kwenye kigoda.

"Nieleze safari yako."

"Afande, nimeshaeleza mara tatu."

"Nieleze kama hujawahi kuniambia."

Andrea alijikuna kidevu. Alikuwa kijana mrefu, mikono imejaa makovu ya patasi. "Ni meli iliyochoka, Afande. Wameipaka rangi juu ya kutu, na ile rangi wameipaka tena juu ya rangi. Mlango wa chumba haufungi mpaka uusukume kwa goti. Mimi fundi, niliona aibu kwa niaba yao. Bomba linakohoa kwanza, halafu linatoa maji mekundu, halafu linanyamaza. Kuoga ni maji ya bahari. Unasugua sabuni mpaka unachoka, povu hakuna, inakuwa utando tu mwilini."

"Endelea."

"Ushoroba mwembamba. Mkikutana wawili, mmoja arudi nyuma. Harufu ya mafuta ya mashine iko kwenye mkate, iko kwenye chai. Usiku mashine inagonga chini ya mto wako. Siku ya pili abiria wote wanajuana, nani anakoroma, nani hamsemeshi mkewe. Nahodha anakula meza moja nao na kusimulia kisa kilekile cha papa. Na bandari nyingi hazina gati. Mnashuka ngazi ya pembeni, mnaruka kwenye mashua, mawimbi yanawainua. Yule bibi nilimbeba mgongoni kama gunia la viazi."

"Alilalamika?"

"Ndicho kilichonishangaza! Alicheka kama msichana. Alisema meli kubwa ni mji, unapanda na kushuka hujamjua mtu, na haziwezi kupenya kule tulikopenya. Alisema anayetaka kitanda kisichotikisika abaki kwake."

"Na vitambaa vya meza?"

"Bahari ikichafuka mtumishi anapita na birika anavilowesha. Mimi nilidhani amemwaga kwa bahati mbaya, nikakimbilia kufuta. Walinicheka mpaka Kilwa."

Sajini aliandika hilo kwenye daftari lake. "Huko ndani ulimtaja Asheri?"

Andrea aliinamisha kichwa. "Nilimtaja. Sikufichi, Afande, nilimtaja kwa wivu. Nilitaka mtu aniambie kwamba alikuwa anasugua vyoo. Nikamuuliza mpishi, hamjui. Nikawauliza watu wa mashine, hawamjui. Nahodha mwenyewe hajapata kulisikia jina hilo. Nilifurahi, Afande! Nilifurahi vibaya. Nilipanga nirudi nimwambie Priska mbele ya kanisa zima, wasikie na wazee wake."

"Kabla ya kuondoka uliwaambia watu kwamba unakwenda kupanda Kobe?"

"Nilisema nje ya kanisa, baada ya ibada. Walicheka wote. Walisema nimeona viatu vyeupe nikaumwa."

"Asheri alikuwapo?"

"Alikuwapo. Yeye hakucheka."

Walipotoka, Yusto alifunga mlango na kutikisa kufuli. "Umemsikia, Afande. Anakiri wivu kwa kinywa chake."

"Amekiri wivu. Nyumba hajaikiri."

"Lakini meli ya Wazungu, watu waoge maji ya chumvi? Wamelipa!"

"Nilipokwenda vitani walitupakia meli ya jeshi," alisema Sajini, akivaa kofia. "Sabuni ilinata mwilini hivyo hivyo. Mwongo angenisimulia uzuri, Yusto. Huyu amenisimulia bomba linalokohoa. Twende, lori la Gonja lisituache."

Lori lilipita Kisiwani likitimua vumbi, likawashusha mchana chini ya barabara ya hospitali. Asheri walimkuta amekaa kwenye baraza la duka, mguu juu ya mguu, na viatu vyake vyeupe vimepakwa chokaa upya. Alikuwa na uso mzuri na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Pole na msiba wa nyumba," alisema Sajini. "Sikuja kukusumbua sana. Nataka unieleze Kobe, nipate kumkamata vizuri yule mwongo."

Asheri alichangamka. "Afande, ile ni ikulu inayoelea! Kuna bwawa la kuogelea katikati, maji ya buluu. Bendi inapiga kila jioni. Unachoka kupanda ngazi? Kuna lifti, unaingia kama kabati, unatokea juu."

"Ni kubwa basi."

"Kubwa! Unaweza kukaa mwezi mzima usimwone nahodha."

"Maji ya kuoga?"

"Matamu, ya moto na ya baridi, usiku na mchana. Sabuni inatoa povu kama maziwa."

"Na mkifika bandari ndogo, abiria wanashukaje?"

"Gatini, bwana. Kiatu hakilowi."

"Kazi yako wewe ilikuwa mezani?"

"Mezani na vyumbani." Asheri alishusha mguu, na kwa mara ya kwanza alitazama mikono yake badala ya kutazama mbali. "Vitambaa vya meza viko vya namna mbili, Afande. Vya asubuhi vina mstari mwembamba wa buluu, vya jioni ni vyeupe vitupu. Mashuka ya nahodha ni ya kitani, ukiyapiga pasi kavu yanaungua, lazima uyanyunyizie. Ya daraja la pili yameshonwa viraka kwenye pembe. Doa la mafuta ya mashine halitoki mpaka ulilaze kwenye majivu usiku kucha."

"Bahari ikichafuka vitambaa mnavifanya nini?"

"Mnavifanya nini?" Asheri alicheka. "Si mnavitandika tu?"

Sajini alimshukuru, akamwomba asiende mbali. Walipoanza kupanda njia ya mlimani Yusto alihema akauliza, "Sasa yupi mwongo, maana mmoja lazima awe hajaiona hiyo meli."

"Wote wameiona. Mmoja ameiona kwa ndani." Sajini alisimama kupisha mama mwenye mzigo wa kuni. "Asheri anajua nguo za meli kuliko meli yenyewe. Mtu anayejua shuka lenye viraka na hajui kama kuna gati, hilo shuka amelifulia wapi?"

Yusto alifikiri hatua chache. "Nchi kavu."

"Nadhani hivyo. Lakini kudanganya kuhusu kazi si kuchoma nyumba. Wakifungwa wote wanaodanganya hivyo, nani atalima?"

Nyumba ya Raheli, shangazi yake Asheri, ilikuwa jirani na mfereji. Walimkuta uani akikata majani ya migomba kwa panga, amekasirika hata kabla hawajafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama mmekuja kuniuliza habari ya moto, sijui. Kama mmekuja kunisaidia kukata majani, panga lingine liko pale."

Sajini alilichukua lile panga. Yusto akaguna, akatafuta pa kukaa.

"Mifugo mingi, mama," alisema Sajini, akipasua jani la kwanza. Ndani ya nyumba mbuzi walikuwa wakilia, na ndama naye.

"Wangu mmoja tu, yule mweusi. Waliobaki ni wa bwana mkubwa wa meli." Alipiga panga. "Unamjua Justa, mke wa kaka yangu, aliyemzaa huyo Asheri? Aliletewa kanga doti mbili, zenye harufu ya dukani. Anazivaa kwenda kuchota maji, nizione! Mimi shangazi, niliyembeba huyo mtoto mgongoni akiumwa surua, nimeletewa nini? Mbuzi wa kulisha na ndama asiyeshiba. Kanga huko, kinyesi huku."

"Aliwaleta baada ya nyumba kuungua?"

"Baada? Jana yake, jioni! Ananiambia, shangazi nikae nao, kesho kuna msaragambo nitashinda huko. Nikamwambia, wewe mtoto, msaragambo umeanza leo? Baba yako alikwenda msaragambo miaka yote, mbuzi wanakatiwa majani alfajiri, wanakula ndani, mtu anarudi jua halijakaza. Nani huhamisha mbuzi kwa ajili ya kuzoa tope?"

Panga la Sajini lilibaki limeganda juu kidogo, kisha likashuka polepole. "Akajibu nini?"

"Akaniambia nimezeeka." Raheli alisonya. "Mliandike hilo."

"Ndama ni wa nini, mama?"

"Wa mahari. Wa kupeleka kwa kina Priska."

Sajini alimaliza rundo lake la majani, akalifunga, akalipeleka mpaka mlangoni. Nyumba za kule zilijengwa hivyo, watu na mifugo chini ya paa moja. Kila mtu aliyesimulia ule moto alisema jinsi Asheri alivyolia, alivyovua shati na kulitupa chini. Hakuna aliyetaja harufu ya mnyama kuungua. Waliona nyumba ya mtu wa meli ikiteketea, macho yao yakawa kwenye cherehani.

"Mtu anaweza kuchoma paa lake," alimwambia Yusto njiani. "Ndama wa mahari, hapana. Huyo hata mkono unakataa."

"Lakini Afande, Asheri alikuwa kwenye ndiva tangu baragumu. Kijiji kizima kilimwona, amefika wa kwanza na jembe lake. Moto ulionekana baadaye sana."

"Ndiyo. Hilo hatujalijibu. Baba yake alikuwa mrina asali, na warina asali hutembea na furushi la magome linalofuka bila kuwaka. Sijui linadumu muda gani kabla ya kuwasha kitu. Kesho tutafunga moja tulilaze kwenye nyasi kavu, tulitazame."

Pale palipoungua palikuwa pamebaki kuta fupi nyeusi na rundo la majivu yaliyoshikana kwa mvua. Sajini aliazima chekecheke, akagawa sakafu kwa kamba vipande vipande, wakaanza upande wa jikoni. Walipata jembe lisilo na mpini. Walipata bawaba, vijiko viwili, sufuria iliyokunjamana. Chuma chochote kilichokuwamo kilikuwa bado kimo. Cherehani ni chuma kuliko jembe.

Kilichobaki ni chumba cha ndani. Huko ukuta mzima ulikuwa umeangukia mahali pa kitanda, na chini yake ilionekana pembe moja ya sanduku la bati na kufuli lake, bado limefungwa. Yusto alisukuma ukuta kwa bega. Haukusogea. Ukungu ulikuwa unateremka kutoka kilele cha Shengena na mikono yao haikuonekana vizuri tena.

"Tuchimbe kwa chini, Afande, tulivute."

"Hapana. Kesho, kwa miti na watu wanne, na jumbe wa kijiji awe amesimama hapa. Likifunguliwa usiku tuko wawili tu, kesho watasema tulilijaza sisi. Au tulilimwaga."

Yusto alienda kukata majani ya migomba ya kufunikia. Sajini alikuwa akifunga kamba ya mwisho alipomwona Asheri amesimama upande wa pili wa ukuta. Viatu vyeupe vilikuwa vimechafuka mpaka kwenye kifundo. Hakujua amefika saa ngapi.

"Mmepita kwa shangazi," Asheri alisema.

"Tumepita."

"Anasema sana yule."

"Ana haki. Analisha mifugo yako."

Asheri alitazama lile kufuli. "Afande, mkiinua huo ukuta—"

"Ngoja," Sajini alimkatiza kwa upole. "Usiniambie sasa. Ukiniambia hapa, tuko wawili gizani, halitakusaidia wewe wala Andrea. Kesho jumbe atakuwapo. Utasema utakalo, au utanyamaza, na yote mawili yataandikwa. Lakini ujue treni yake ni Jumamosi, na lori la kurudi Same linaondoka kesho mchana. Ukichelewa, anapanda akiwa na pingu."

Asheri alipangusa kiatu kimoja nyuma ya mguu mwingine, akakichafua zaidi.

"Alipanda kweli?" aliuliza.

"Nani?"

"Andrea. Alipanda, akalala humo?"

"Alipanda. Meli yenyewe ndogo, inanuka mafuta, bomba halitoi maji."

"Hilo sikuulizi." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Aliona nini?"

Sajini alikunja kamba iliyobaki, mzunguko juu ya mzunguko. Alikuwa na maneno hayo kwenye daftari, Andrea aliyasema siku ya kwanza naye hakuyaona kuwa na kazi. "Anasema asubuhi moja, wamevuka Kilwa, nahodha aligonga milango yote mwenyewe, hata wa watumishi. Wakatoka na nguo za kulalia. Palikuwa na nyangumi na mtoto wake."

"Mbali?"

"Karibu. Meli ikiwa ndogo unakuwa karibu na maji. Anasema alimsikia akipumua."

Asheri alishika ukuta, akakaa taratibu juu ya udongo uliolowa, na suruali yake ile nzuri. Akatazama mahali ambapo palikuwa na mlango.

"Andrea," alisema. "Na randa yake. Miaka miwili, Afande, nilikuwa nabeba mizigo yao ya nguo zilizofuliwa mpaka ngazini. Mpaka ngazini. Hata siku moja hawakuniambia, hebu ipandishe mwenyewe."

Yusto alirudi na majani begani, akasimama, akamtazama mmoja kisha mwingine.

"Funika," Sajini alimwambia. "Anza na upande wa sanduku, mvua isiingie." Halafu akampa Asheri mkono, akamwinua. "Nenda kwa shangazi yako. Mkatie majani ya asubuhi, amechoka. Tukimaliza kunywa uji tutakuja kukuchukua."